Kwa nini wanataka figo langu la kushoto?

Mwalimu wa Wete
Asalaam alaykum. Dada yangu mafigo yote mawili yamekufa. Anasafishwa damu kwa mashine hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mara tatu kwa wiki, imebidi ahamie kwa shangazi Mwanakwerekwe. Vipimo vyangu vimekubaliana na vyake, nitamtolea langu inshaallah. Juzi tuliitwa Dar, dakitari akasema atachukua la kushoto, alipandikize kwa dada upande wa kulia, chini ya tumbo, na yale mabovu atayaacha hapo hapo. Nilitikisa kichwa tu, nikaona haya kuuliza. Kwenye boti ndio maswali yakanijia. Kwa nini la kushoto? Kwa nini chini, si mgongoni yaliko mengine? Na mama anasema sitobeba tena hata ndoo ya maji. Mwenye kujua anijuze.

Bi Kikwajuni
Waalaykum salaam mdogo wangu. Mimi kaka yangu alinitolea figo 2019, na nilimuuliza dakitari maswali haya haya. Akanichorea nyuma ya karatasi ya vipimo. Karatasi ninayo mpaka leo.

La kushoto ni kwa ajili ya mshipa. Ule unaorudisha damu kutoka kwenye figo, upande wa kushoto ni mrefu zaidi, maana unavuka mbele ya mshipa mkuu ndipo ufike unakokwenda. Fundi anayeunga kipande kirefu ana nafasi ya kushona. Lakini wakishaipiga picha mishipa yako wanaweza kubadili. Kaka yangu alitolewa la kulia, kwani la kushoto lilikuwa na mishipa mitatu ya kuingiza damu. Na likiwepo moja zima kuliko jenzake, hilo zima huachiwa mtoaji.

Chini ya tumbo ndipo inapopita mishipa mikubwa iendayo mguuni. Figo huungwa hapo. Kibofu nacho kipo karibu, mrija wa mkojo unakuwa mfupi. Mimi nikiweka mkono juu ya kinena nalihisi. Ya zamani hayatolewi ila yakiwa na usaha au yamevimba sana, kwani kuyatoa ni jeraha jengine na damu nyengine kupotea bure.

Ulizeni hili: ndani ya mrija wa mkojo huwekwa kijirija chembamba, pasivuje wala pasizibe. Changu kilitolewa baada ya wiki nne. Jueni mapema nani atakitoa na lini, kisisahauliwe humo.

Dakitari aliniambia walipofungulia damu, figo lililokuwa limepauka likawa la waridi, na mkojo ukatoka nikiwa bado mezani. Nililia aliponihadithia.

Muuguzi wa thieta
Mwambie mama ndoo utabeba, ila usubiri kama wiki sita. Zamani mtoaji alipasuliwa ubavuni, pengine na mfupa wa ubavu ukakatwa. Tangu 1995, walipoanza Baltimore, Marekani, hutumika matundu madogo na kamera, na mpasuo mmoja wa kulipitisha figo. Maumivu ni machache, na wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Figo linalobaki hukua kidogo likabeba kazi.

Hatari ipo, nisikufiche: hesabu za Marekani za 1994 hadi 2009 zilionesha watoaji kama 3 katika 10,000 walifariki ndani ya siku 90. Kila mwaka pima presha na mkojo, hata ukijiona mzima.

Mwalimu wa Wete
Mungu awalipe. Nimemsomea mama, ametulia. Dada akipona anataka arudi Wete. Ataweza?

Bi Kikwajuni
Ataweza, ila miezi ya mwanzo asikae mbali na kliniki. Kinachonitia hofu mimi si kisu, ni dawa. Mwili unalijua lile figo si lake, kila siku unataka kulikataa. Dawa za kuuzuia ni asubuhi na jioni, saa ile ile, maisha yote. Nimemuona mtu aliyeziacha kwa kujiona mzima, akarudi kwenye mashine. Mabalungi ya huko kwenu asiyaguse, yanazidisha dawa kwenye damu. Na akisafiri asizitie kwenye mzigo, ziwe mkobani. Nilikuja Chake Chake harusini, boti ikachelewa, saa yangu ya dawa ikanikuta katikati ya bahari. Nilizimeza kwa maji ya chupa ya abiria mwenzangu.