Naomba ushauri: mvinyo gani wa mapovu unafaa kuchanganywa na juisi ya embe?

Wakuu, habari za wikendi. Naomba msaada kwa wanaojua mvinyo.

Asubuhi baada ya sendoff ya dada yangu, hapa Dar, tutakuwa na chakula cha saa nne kwa wageni kama 20, na vinywaji nimekabidhiwa mimi. Nataka mimosa (mvinyo wa mapovu na juisi) ya machungwa, na nyingine ya embe badala ya pichi ile ya bellini, kinywaji cha Venice cha namna hiyohiyo.

Shampeni ya Ufaransa nimeiondoa. Kuizamisha kwenye juisi naona ni kuionea. Nimejaribu Prosecco (mvinyo wa mapovu wa Italia) ya Extra Dry na embe dodo, ikawa tamu mno. Jina linapotosha: “dry” maana yake si tamu, kumbe Extra Dry ina sukari gramu 12 hadi 17 kwa lita, wakati daraja la Brut huishia 12. Sasa nimebaki na Cava ya Hispania na Cap Classique ya Afrika Kusini, zote Brut, zote zinazochachushwa mara ya pili ndani ya chupa.

Ipi itastahimili juisi nzito ya embe bila ladha yake kumezwa? Na je, nusu kwa nusu ni sawa, au embe lipungue?

Asanteni sana.