Nawezaje kuyafurahia maua ya masika nikiwa sina bustani?

Mpangaji wa Mwanjelwa
Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaishi chumba cha kupanga hapa Mwanjelwa, Mbeya, na uwa wetu umesakafiwa kwa saruji hadi ukutani. Mvua zinapokolea kuanzia Desemba, nikapita mtaa wa Forest ya Zamani na kuona maua yamefurika juu ya michongoma ya watu, natamani kukaa katikati yake kwa utulivu, si kuyatazama nikiwa mbioni kuelekea kazini. Mlio katika hali kama yangu hufanyaje?

Mzaliwa wa Matamba
Ndugu, panda hadi uwanda wa juu wa Kitulo. Wenyeji tunapaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Juu kule, kwenye mita zipatazo 2,600, kuna aina 45 za okidi za ardhini, na msimu wake ndio huu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Usiishie kutazama kwa mbali, kwa kuwa okidi nyingi ni ndogo na zimejificha kwenye nyasi. Ni lazima uchuchumae ndipo uone vidoadoa vilivyo kwenye mdomo wa ua. Nakuomba sana usiguse mizizi. Viazi vyake, yaani chikanda, vimechimbwa kwa wingi na kuvushwa Zambia kuwa chakula, na kila kiazi kinachong'olewa huondoka na mmea wake.

Mama wa Forest
Kitulo ni pazuri mno, ila si safari ya kila wiki kwa mfuko wa mpangaji. Wengi wetu wenye bustani hizo unazozipita tumezeeka, na magugu ya masika yanatushinda. Yupo kijana jirani ambaye hunipalilia mawaridi siku za Jumamosi, kisha hukaa barazani akanywa chai hadi atakapo, na huondoka na vipando vya jeraniamu vya kuchomeka kwenye kopo dirishani kwake. Bisha hodi mchana, ujitambulishe, useme wazi unachokitaka.

Mpangaji wa Mwanjelwa
Shikamoo mama. Asiyejua kazi ya bustani aanzie wapi ili asiharibu?

Mama wa Forest
Marahaba, mwanangu. Anza na magugu ya njiani. Kwenye matuta uliza kwanza kabla ya kung'oa, kwa sababu miche ya maua iliyojiotea yenyewe hufanana sana na magugu ingali michanga.