Nimezoea kuvua ufukweni Tanga, Entebbe nimeshindwa. Tunakosea wapi?

Mwana wa Tanga

Salaam wakuu. Mimi mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi Entebbe. Baba alinifundisha mshipi nikiwa na miaka minane. Tulikuwa tunasimama mchangani maji yakianza kujaa, unarusha nyuma ya pale wimbi linapovunjikia, chambo kipande cha ngisi, unangoja changu au kolekole. Kila kitu kilikwenda na maji. Bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) ina siku zake, maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) yana siku zake, na baba akiutazama mwezi usiku alishajua kesho tutoke saa ngapi.

Jumamosi iliyopita nikawachukua marafiki watatu: jirani yangu Mganda, fundi seremala mmoja wa Bukavu, na kijana wa bodaboda anayetubeba siku zote. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa ufukweni, giza bado. Maji yametulia, na mchanga hauna hata mstari wa kuonyesha yalipanda mpaka wapi. Hapo nikapotea, maana mstari ule ndio huniambia nisimame wapi. Nikachagua kona yenye mafunjo. Tukafunga chubwi (vizito vya kuzamisha mshipi) nzito nilizokuja nazo kutoka nyumbani, ndoana kubwa za kolekole, chambo minyoo. Nikaingia majini mpaka mapajani kama tufanyavyo kwetu, nikarusha.

Kufika saa mbili tulikuwa na kambare mmoja mdogo, na ndoana tatu zimebaki kwenye magugu. Kisha fimbo ya fundi ikainama taratibu, haitikisiki, kama anaburuta gunia la mchanga. Jirani akaona mgongo, akapaza sauti: "Mmamba!" Mimi na fundi tukaacha kila kitu tukakimbilia juu, kwani kwetu mamba ni yule wa meno, mla watu. Kumbe kwa Waganda mmamba ni samaki, ndiye kamongo. Kijana wa boda, yeye ndiye aliyebaki na fimbo mkononi, akamvuta mpaka mchangani. Urefu wake ulishinda mkono wangu. Jirani ni wa ukoo wa Mmamba wenyewe, samaki huyo ni mwiko kwake, hata kumgusa hakutaka, nasi tukamheshimu. Fundi akaenda kumpika kwa mawese.

Asubuhi ilikuwa nzuri, sikatai. Furukombe alikuwa analia juu ya miti na chai ya chupa ilitosha wote. Lakini sangara yuko wapi? Ngege je? Mwezi una maana yoyote huku? Wanangu wanakulia hapa na nataka niwafundishe kama nilivyofundishwa.

Mzee wa Majanji

Kijana wangu, karibu ziwani. Mimi niko upande wa Busia, nimevua tangu shule ya msingi.

Mwezi uweke kando. Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, haina kujaa na kupwa kwa kuonekana kwa macho. Maji yake hupanda na kushuka kwa miezi na miaka, kufuata mvua. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikapita rekodi ya 1964, na fukwe nyingi za huko kwenu Entebbe zilizama. Mwezi wanaujali wavuvi wa mukene (dagaa), kwa sababu wao wanavua kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu.

Wewe soma upepo. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo unatoka nyuma yako kuelekea ziwani. Ndiyo maana mlikuta maji yametulia. Hiyo ndiyo saa ya kurusha mbali, upepo unakusaidia. Ikikaribia saa nne au saa tano unageuka, unatoka ziwani, unaleta mawimbi na gugu maji mpaka miguuni pako.

Sasa kosa lenu kubwa ni ile kona ya mafunjo. Maji ya kwenye mafunjo yamelala, hewa ndani yake ni kidogo. Kamongo anapanda juu kuvuta pumzi kama sisi, kambare naye anaweza, kwa hiyo wao wanakaa hapo bila shida. Sangara hawezi, anataka maji yenye hewa. Tafuta rasi ya mawe, mahali wimbi linapopiga na kina kinashuka haraka. Hapo ndipo mafunzo ya baba yako yanafanya kazi: pale maji yanapovunjika, rusha. Ila chambo kiwe samaki mdogo au kinachofanana naye, sangara mkubwa mnyoo hamshughulishi.

Ngege ni habari nyingine. Ana mdomo mdogo na chakula chake zaidi ni uoto wa majini. Ndoana ndogo, mshipi mwembamba, chubwi ndogo sana au uache kabisa, donge la posho (ugali) au mnyoo mfupi, karibu na ukingo. Zile chubwi za Tanga zitamfukuza.

Nesi Jinja

Kaka, samaki mtapata. Mimi nimesimama kwenye neno "mapajani".

Usiingie maji hayo. Kichocho kipo Ziwa Viktoria, na konokono wanaokibeba wanapenda hasa pale mlipokuwa, penye magugu na maji yaliyolala. Vijidudu vinatoka kwa wingi jua likishapanda, lakini asubuhi mapema si kinga. Na jambo moja kwa mtu wa pwani: kwenu mmezoea kukijua kwa damu kwenye mkojo. Cha huku kinakaa kwenye utumbo na ini. Unaweza kukaa miaka na tumbo linalouma na choo chenye damu ukadhani ni amiba. Wote mlioingia mkapime choo baada ya miezi miwili hivi, kabla ya hapo mayai huenda yasionekane. Dawa ni prazikwanteli na inatibu vizuri. Watoto ukiwapeleka wavae gambuti, wasimame kwenye mawe.

Okello wa Kasenyi

Naongeza moja tu. Sangara chini ya inchi 20 na ngege chini ya inchi 11 mrudishe majini, ni sheria, na mwaka 2017 wanajeshi waliletwa kufanya doria ya ziwa. Bebeni futi. Na mpite ofisi ya uvuvi muulize kibali kabla hamjarudi.

Mwana wa Tanga

Mzee, shikamoo, na asante sana. Dada nesi, umenishtua. Niliingia mimi na fundi, na nimeshaandika tarehe ya kwenda kupima.

Leo tumerudi, kibali mfukoni. Jirani alitupeleka kwenye mawe, maji yanapiga. Sangara hakuja. Lakini kwenye ghuba ndogo ya pembeni, kwa ndoana ndogo na posho, binti yangu wa miaka saba alivuta ngege wa inchi 12. Alimpima mwenyewe mara tatu. Nimempigia baba simu Tanga, akauliza maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, ikabidi nimweleze habari za upepo kuanzia mwanzo.

Mzee, kwenye mawe, samaki mdogo wa chambo nimfunge mgongoni au mdomoni?