Makosa ya EXT4 (mfumo wa faili wa diski) baada ya kupandisha Debian, naomba ushauri

Habari zenu ndugu, nimekwama. Niko Mbale, natunza seva ya chama cha akiba na mikopo. Jumamosi nilipandisha mfumo endeshi wake kutoka Debian 11 hadi 12, na umeme haukukatika hata mara moja, ajabu kwetu. Tangu hapo nikifungua folda ya risiti najibiwa "Structure needs cleaning", kisha diski inageuka ya kusoma tu. Nimeiondoa diski kwenye matumizi (unmount) nikaendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, mara mbili. Ikarekebisha, kesho yake makosa yakarudi. smartctl, inayosoma afya ya diski, haionyeshi sekta mbovu, ila hesabu ya makosa ya CRC (data kuharibika njiani kwenda au kutoka kwenye diski) inapanda. Bekapu ya Ijumaa ninayo.

Je, nishuku kebo ya SATA inayounganisha diski, au kerneli (kiini cha Linux) mpya 6.1? Na nikiwasha ile ya zamani 5.10, nitahatarisha data zaidi?