Kumpeleka mzee Kisumu: gati, reli na ngege

Baba yangu alikuwa fundi wa reli hapa Nakuru. Jumamosi nataka akaone stesheni na bandari ya Kisumu, halafu tule penye bia baridi. Itafaa?

— Itafaa sana! Reli ilifika huko 1901, mji ukiitwa Port Florence. Bandarini ombeni ruhusa langoni kwanza. Mimi nilijiingilia tu, askari akanirudisha kama mtoto mtoro. MV Uhuru ikiwa gatini, mwonyeshe sitaha yake: ina reli, mabehewa yanaingia melini na mzigo wake bila kupakuliwa. Mzee wangu aliinama akapapasa chuma kile, njaa akaisahau kabisa.

Chakula ni Dunga, ufukweni huko huko Kisumu. Chagua mwenyewe samaki aina ya ngege, agiza ugali, ndipo uagize kinywaji. Mjomba alianza na bia. Samaki akafika yeye yuko chupa ya tatu, mifupa ikamshinda.

— Nendeni asubuhi. Alasiri mvua ya ziwa haibishi hodi. Na dereva anywe soda, tafadhali.

— Asanteni jamani. Mzee anatafuta kofia yake ya kazini tangu jana.