Tupeane uzoefu: siku shokapu za bagi lako zilipokuangusha kiwanjani

MtuwaVumbi
Wakuu, habari za jioni. Nimekaa mezani nafungua shokapu ya nyuma ya bagi langu, haya magari yetu madogo ya rimoti, la ukubwa wa 1/8 ya gari la kweli, nikatoa kifuniko, yakamwagika mafuta meusi kama ya injini ya daladala. Kuyaona tu nikarudi mwaka 2019.

Nilikuwa mgeni kwenye mchezo huu. Bagi langu la kwanza la umeme lilikuwa linayumba kwenye matuta, nikaambiwa tia mafuta mazito kwenye shokapu. Mafuta ya silikoni hapa Dar sikuyapata, na kuagiza nje ni kusubiri wiki tatu. Nikaenda kwa fundi wa bodaboda, nikanunua mafuta ya foku, zile shokapu za mbele za pikipiki, chupa imeandikwa 10. Nikajaza shokapu zote nne. Usiku ule sebuleni lilikuwa tamu: ukilibonyeza linashuka taratibu, linapanda taratibu.

Jumamosi kiwanjani nikalibonyeza, likashuka, halikurudi. Limekaa chini kama kigoda. Nilipofungua nikakuta oringi zimevimba kama maharage yaliyolowekwa, zimeibana rodi hata kwa koleo haitoki vizuri. Mafuta ya foku asili yake ni petroli, na oringi za silikoni haziivani nayo kabisa. Halafu ile 10 ya foku siyo 10 ya mafuta yetu, kila mmoja ana kipimo chake. Siku nzima nilisimama konani nawainulia wenzangu magari yao yaliyobinuka.

Tupeane uzoefu, wakuu. Shokapu, springi, kimo, mikono ya magurudumu, chochote kilicho chini ya gari. Wewe ilikukamata siku ipi?

KobeWaMbezi
Tupo wengi mkuu. Mimi nilitia ya cherehani.

Murram254
Wandugu, mimi yangu ilikuwa springi. Nilikuwa natazama video za mabingwa, naona magari yao yanatulia chini kama yamebandikwa, nikasema hizo lazima ni springi ngumu. Nikaagiza ngumu kuliko zote, mbele na nyuma.

Hapa Nairobi tunakimbiza kwenye murram. Magurudumu yakipita kwa kasi juu ya murram kavu, yanachimba vijimawimbi barabara nzima, vinakuwa kama mbao za kufulia. Gari langu likawa linagongagonga juu ya vile vijimawimbi, trrrrr, na gurudumu likiwa hewani halishiki kitu. Nageuza usukani, gari linaendelea mbele. Natia breki, linaendelea mbele.

Nilirudisha springi zilizokuja na gari, nikashusha mafuta kutoka sentistoki 550, kile kipimo cha uzito wa mafuta, hadi 450. Sauti ikabadilika pale pale. Hata kabla sijaangalia saa ya mzunguko nilisikia kwa masikio kwamba tairi zimeanza kukaa chini.

Na jambo moja hakuna aliyeniambia mapema: pima kimo. Liinue gari sentimita 20 au 30, liachie lianguke kwenye meza, likishatulia chungulia nyuma. Zile shafti zinazoenda kwenye magurudumu ziwe zimelala sawa na meza, zisiinamie juu wala chini. Anzia hapo kila siku.

MwanaMuscat
Murram254, umenena. Lakini kuna adui hamjamtaja huko kwenu: joto.

Mimi nilijaza shokapu majilisi, yaani sebuleni, AC inavuma, mafuta 450. Ukizisukuma, safi kabisa. Ilikuwa mwezi wa Juni, na sisi Muscat mwezi huo tunasubiri jua lizame ndio tutoke. Siku ile wenzangu wakataka kuanza saa kumi na moja jioni. Gari limekaa juu ya meza juani nusu saa. Kuruka tuta la kwanza, paaa, tumbo chini. La pili, paaa. Nikadhani springi imevunjika. Nikaivua, nzima. Nikagusa shokapu, ya moto kama birika. Mafuta yamekuwa maji.

Silikoni inavumilia joto kuliko mafuta ya petroli, lakini nayo inalainika. Sasa nina chupa mbili, 600 ya kiangazi na 450 ya Januari. Na shokapu nazifungia kule kule nje nitakakokimbizia.

Mzee1984
Mnazungumza sentistoki mia nne, mia tano, mia sita. Sisi tulikuwa na 30 na 40, basi. Gari la kwanza kuliona Mombasa kwa macho yangu lilikuwa Grasshopper ya kampuni ya Tamiya, lile la mwaka 1984, mjomba alikuja nalo kutoka Uingereza. Nyuma lina springi tupu, mafuta hakuna. Ukilipeleka kwenye mchanga wenye matuta linaruka hadi betri liishe. Jina panzi, tabia panzi. Mwaka huo huo kampuni ya Team Associated wakatoa bagi la RC10 yenye chasisi ya rangi ya dhahabu na shokapu za mafuta kila pembe, na mwaka 1985 Jay Halsey akatwaa nalo ubingwa wa kwanza wa dunia wa magari ya kusukumwa na magurudumu mawili, kule Del Mar, California. Msiwatishe vijana na hesabu.

LeicesterMswahili
Mzee wangu, shikamoo. Naheshimu historia yako ila hapo kwenye 30 na 40 unawapoteza vijana. Chupa ya Team Associated ya 40 ni sentistoki 500. Ukichukua 40 ya kampuni nyingine si lazima upate hiyo hiyo. Mimi nilichanganya chupa mbili za kampuni mbili, zote zimeandikwa 40, kushoto hii na kulia ile, nikashinda siku nzima gari linapinda upande mmoja likitua. Sentistoki ni kipimo cha kweli.

Mzee1984
Marahaba. Nani alikwambia uchanganye chupa?

LeicesterMswahili
Chupa ya kwanza iliisha katikati, mzee. Ndivyo inavyotokea. Ndiyo maana nasema namba ya sentistoki isomwe.

Mzee1984
Basi sema nunua chupa kubwa.

Dereva_Moro
Samahani nawakatiza. Nimesoma hapo kuhusu gari kupinda likitua, nikashindwa kunyamaza.

Mwaka 2021 niliagiza bagi la 1/8, pamoja na motor, betri na ushuru likanitoka milioni mbili na ushee. Nililifunga mwenyewe kutoka kwenye boksi, skrubu moja moja, usiku tatu mfululizo, watoto wamelala. Barabarani tambarare lilikuwa mshale. Tatizo ni tuta kubwa. Kila likiruka, pembe ya nyuma kulia inatupwa juu kuliko ya kushoto, gari linajiviringisha hewani, linatua kwa pua upande wa kushoto. Kila mara. Nilivunja mikono ya mbele sita. Nilibadilisha springi seti tatu. Nikabadilisha mafuta ya shokapu, mafuta ya difu, sponji za ndani ya tairi. Wenzangu wengine wakaanza kusema gari lina mkosi, na mimi nikafikia mahali pa kuwasikiliza.

Siku ya mwisho nilikuwa na binti yangu, wakati ule ana miaka tisa. Amesimama nyuma ya uzio wa kamba pamoja na watoto wengine, anashangilia. Nikaja na spidi, nikapanda tuta, bagi likajipinda hewani kama kawaida yake, lakini safari hii likatoka nje ya njia kabisa. Likapita juu ya kamba. Nililiona linakwenda kule alikosimama, mikono yangu iko kwenye rimoti na haina la kufanya. Kilo tatu na nusu za plastiki na chuma. Likapiga chini hatua moja kutoka kwenye mguu wake, likadunda, likapita. Alikuwa amevaa viatu vya shule, vyeusi, vumbi likavifunika.

Sikuongea na mtu. Nikalifungia kwenye buti, jioni ile ile nikalipiga picha nikaliuza laki nne kwa kijana aliyewahi kupiga simu. Mpaka leo sijagusa rimoti. Nasoma tu uzi wenu kila wiki.

DadaKisahani
Mungu wangu. Binti hakuumia?

Dereva_Moro
Hakuumia, dada. Aliniuliza kama gari limevunjika.

KijanaWaPini
Mkuu Dereva_Moro, bawa la njano, kwenye chasisi chini umeandika tarehe kwa kalamu nyeupe? Hilo bagi ninalo mimi.

KobeWaMbezi
Eeeeh!

Dereva_Moro
Ndilo. Linaruka vipi?

KijanaWaPini
Linaruka sawa kabisa kaka. Nikwambie nilichokikuta. Nilipolifikisha nyumbani nililiweka kwenye meza, nikatafuta katikati ya mkia, nikaweka ncha ya bisibisi chini yake nikawa naliinua polepole. Gurudumu la kushoto likaachana na meza, la kulia bado limekaa. Nikaendelea kuinua kidogo ndipo na lenyewe likanyanyuka. Nikavua shokapu zote mbili za nyuma, nikazipima jicho kwa jicho. Ya kulia ilikuwa ndefu kwa milimita mbili na nusu. Kile kichwa cha plastiki cha chini hakikuwa kimeingia mpaka mwisho kwenye nyuzi za rodi. Nikaishika rodi kwa koleo lenye kitambaa, nikakizungusha mizunguko kama mitano, zikalingana. Basi.

Mkono wa kulia ulikuwa unashuka zaidi, kwa hiyo ukifika mdomoni mwa tuta gurudumu lile linabaki chini muda mrefu kuliko mwenzake, linaisukuma pembe yake juu. Na ringi ya kukaza springi upande ule ulikuwa umeikaza zaidi ya kushoto, ikazidi kusukuma.

Dereva_Moro
Niliikaza nikidhani springi ya kulia ni dhaifu.

Na wewe hukunipigia kuniambia?

KijanaWaPini
Kaka nilifikiri unajua. Nilifikiri umechoka na mchezo wenyewe.

BomaNgombe
Kijana arudishe gari. Laki nne kwa gari la milioni mbili, na ubovu wenyewe haukugharimu hata shilingi.

Murram254
Arudishe kwa nini? Aliuziwa likiwa bovu, akalipa walichokubaliana. Angekuta difu imekufa, mngemrudishia pesa?

BomaNgombe
Sijasema sheria, nasema ubinadamu. Mtu aliuza kwa hofu ya mtoto.

DadaKisahani
Mnabishana gari wakati watoto walikuwa wamesimama nyuma ya kamba. Gari linaruka, kamba haizuii kitu. Watazamaji wakae mbali na upande wa kutua, na kuwe na wavu. Mimi pale kwetu nimekataa kukimbiza mpaka wavu uwekwe, na wakaninunia mwezi mzima.

MwanaMuscat
Dada hapo nakuunga mkono.

KijanaWaPini
Kaka Dereva_Moro, Jumamosi ninalileta kiwanjani. Njoo ulishike rimoti. Mlete na binti, kama anataka.

LeicesterMswahili
Wakati tunasubiri jibu la mkuu, nirudi kwenye mada. Kiwanja chenye mashimo, ruhusu mikono ya nyuma ishuke zaidi. Zile skrubu ndogo kwenye mikono zinazogusa chasisi, zilegeze mzunguko mmoja kila upande, jaribu.

Mzee1984
Mimi nasema zikaze. Mikono ikishuka sana gari linalala konani kama mtumbwi.

LeicesterMswahili
Kwenye uwanja laini, kweli. Kwenye mashimo, hapana.

Murram254
Hapo mzee na mwenzake wote wako sawa, inategemea ardhi. Mimi kwenye vijimawimbi natoa stabilaiza ya nyuma kabisa, ile waya inayounganisha mikono miwili, kila gurudumu lijitegemee.

BomaNgombe
Toa stabilaiza uone kona ya kasi itakavyokubinua. Nilijaribu, nikaokota bodi vipande viwili.

KobeWaMbezi
Mimi nabadilisha kitu kimoja tu, nazungusha mara tano, naandika kwenye daftari. Nikibadilisha viwili sijui kipi kimenisaidia.

MgeniKigoma
Wakubwa shikamooni. Mimi nina bagi la bei ya chini la 1/10, nimelinunua kwa mtu. Linanesa upande mmoja tu. Ninunue springi au mafuta kwanza?

MtuwaVumbi
Marahaba mdogo wangu. Usinunue chochote. Vua shokapu zote nne, uache mikono mitupu. Inua mkono mmoja kwa kidole, uachie. Unatakiwa uanguke wenyewe kwa uzito wake, bila kukwama. Fanya yote minne, utuambie.

MgeniKigoma
Mitatu inaanguka. Wa nyuma kushoto unakwama katikati.

KijanaWaPini
Chomoa pini ya mkono huo, ile ndefu inayopita ndani. Futa mchanga, iviringishe kwenye kioo cha meza.

MgeniKigoma
Haiviringiki vizuri. Inarukaruka, naona mwanga chini yake katikati. Na ndani ya tundu umetoka mchanga mwingi. Pini ya milimita 3 hapa Kigoma nitaipata wapi?

Murram254
Duka la vifaa vya ujenzi, nunua biti ya drili ya milimita 3, ile ndefu. Kata ule mkia wake ulio laini kwa urefu wa pini yako, lainisha ncha kwa msasa. Imenyooka kuliko pini ya dukani.

MtuwaVumbi
Ipite kwenye tundu kwa uhuru kabla hujafunga. Ikibana, usiipige nyundo. Usitie grisi pia, itashika mchanga.

DadaKisahani
Na uvae miwani wakati wa kukata.

MgeniKigoma
Duka linafunguliwa saa mbili. Nitakuwa mlangoni.

Dereva_Moro
KijanaWaPini, Jumamosi saa ngapi?