28mm au 21mm kwenye Leica M6? Nataka kupiga vichochoro vya Mji Mkongwe

ngambo_400
Habari za leo wakuu. Nina Leica M6 yenye kidirisha cha kutazamia cha ukuzaji wa 0.72 na lenzi moja tu, 50mm. Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe hiyo 50mm inabana: mgongo umeshagusa ukuta wa pili na mlango bado haujaingia wote kwenye fremu. Nimechuja nikabaki na nne (f/ ni ukubwa wa tundu la lenzi, namba ndogo ni tundu kubwa): Leica Elmarit-M 28mm f/2.8 ASPH, Zeiss Biogon 28mm f/2.8 ZM, Voigtländer Ultron 28mm f/2 na Voigtländer Color-Skopar 21mm f/4. Hiyo ya mwisho niliyoipata ni toleo la skrubu, na muuzaji hana adapta ya kuifunga kwenye M6.

Natumia filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400, mchana zaidi, mara chache ndani ya nyumba. Navaa miwani. Baadaye huenda nikachukua bodi (kamera bila lenzi) ya dijitali, kwa hiyo sitaki lenzi itakayonigeuka huko. Mngechagua ipi, na kwa sababu gani?

pembe_na_ukingo
Mkuu, kabla ya kushindanisha majina ya kampuni, pima umbali ulionao. Filamu ya 35mm ina upande mrefu wa mm 36. Chukua urefu wa kitu, zidisha kwa urefu wa fokasi (ile 28mm au 21mm ya lenzi), gawa kwa 36, unapata umbali wa kusimama. Mlango wa kuchonga wenye urefu wa mita 2.5 pamoja na kizingiti chake, kamera ikiwa imesimamishwa wima, unataka takriban mita 2.4 kwa 35mm, mita 1.95 kwa 28mm, na mita 1.45 kwa 21mm. Ongeza kama sehemu moja ya kumi ili upate nafasi pembeni. Kwa hiyo kichochoro cha mita 2 kinamezwa na 28mm kwa tabu, na 21mm kwa raha.

Ila 21mm ina gharama yake, na gharama hiyo iko kwenye nyuso za watu. Kitu cha mviringo kikikaa ukingoni mwa fremu hurefuka kuelekea nje. Kwenye ukingo wa kulia au kushoto wa 35mm kichwa hurefuka kwa takriban asilimia 12, kwa 28mm asilimia 19, kwa 21mm zaidi ya asilimia 30. Hilo si kosa la kioo. Ndivyo mwanga unavyotandazwa juu ya filamu iliyo bapa, na hata lenzi isiyopinda mstari hata kidogo italifanya. Ukipiga watu wanaopita, 28mm inasamehe. 21mm inakutaka uwaweke katikati.

Jambo la pili ni mistari ya wima. Ukiinua pua ya kamera kidogo tu, mlango unaanza kulala nyuma. Mlango wa mita 2.5 una katikati yake kwenye mita 1.25, yaani karibu na kifua, si jichoni. Shusha kamera hapo, iwe sawa kabisa, ndipo ubonyeze. Kwa 21mm nyuzi mbili za kuinama zinaonekana mara moja kwenye nguzo.

helikoidi
Naongeza upande wa kidirisha, kwa sababu kwenye kamera za renjifainda kama M6, ambazo unalenga kwa kukutanisha picha mbili ndani ya kidirisha, hapo ndipo ununuzi mwingi unapoharibika. M6 ya 0.72 ina mistari ya fremu, inayoonyesha picha itaishia wapi, ya 28, 35, 50, 75, 90 na 135, ikitokea kwa jozi: 28 na 90, 35 na 135, 50 na 75. Mistari ya 28 iko mwisho kabisa wa kioo. Mwenye miwani haioni yote kwa mara moja. Unaona kushoto, kisha unasogeza jicho uone kulia. Kabla hujanunua chochote, vuta kile kiwiko kidogo kilicho mbele ya bodi kuelekea fremu ya 28 uangalie kwa miwani yako. Kama unaona pande tatu tu, panga bajeti ya kidirisha cha nje cha 28 kinachokaa kwenye kiatu cha juu.

Kwa 21mm hakuna mjadala, kidirisha cha nje ni lazima. Unaweka fokasi kwenye kidirisha cha ndani, unapanga picha kwenye cha juu. Kwa vile cha juu kinakaa juu zaidi ya lenzi, kwa kitu kilicho mita moja picha halisi itashuka chini ya ulichokiona, na utakata utosi wa mtu. Acha nafasi ya ziada juu.

Kuna bodi iliyotengenezwa kwa ajili ya shida hii hasa: Voigtländer Bessa R4M, na ndugu yake R4A. Kidirisha chake ni 0.52, na kina mistari ya 21, 25, 28, 35 na 50 ndani yake. Renjifainda yake ni fupi sana, milimita 37 tu kabla ya kuzidisha na 0.52, kwa hiyo haifai lenzi ndefu. Kwa 21 na 28 inatosha kabisa.

Sasa hiyo lenzi ya skrubu. Sehemu ya kushikia ya skrubu iko mm 28.8 kutoka kwenye filamu, ya M iko mm 27.8. Adapta basi lazima iwe na unene wa mm 1.00, na isipozingatiwa hapo mambo yanaharibika. Ikizidi kwa mm 0.1 tu, lenzi ya 28mm uliyoiweka kwenye alama ya infiniti itakuwa imelenga takriban mita 7.8. Kwa 21mm itakuwa imelenga kama mita 4.4. Na renjifainda haitakuonyesha kosa lote, kwa sababu mkono wake umepimwa kwa lenzi za takriban 50mm: kwake huo mm 0.1 unasomeka kama mita 26 hivi. Kwa f/8 hulioni kosa hilo, kina cha fokasi kinalifunika. Kwa f/2.8 unaliona. Pima adapta kwa kalipa ya dijitali sehemu nne za duara, zote zisome 1.00, tofauti isizidi 0.02. Na uchague adapta ya jozi ya 28 na 90, maana meno yake ndiyo yanayoamua mistari ipi itokee.

ngambo_400
Shukrani sana. Nimejaribu kiwiko: kwa miwani naona pande tatu, ya nne nasogeza jicho. Swali lililobaki ni hili la f/2 dhidi ya f/2.8 na f/4. Je, fokasi ya renjifainda itakuwa sahihi kwa f/2 karibu karibu?

saa_sita_mchana
Fokasi isikusumbue. Kwa 28mm f/2.8 kwenye mita 1, ukikubali doa la ukungu la mm 0.03 kwenye filamu kuwa bado ni kali, ukali unaanzia sentimita 90 hadi mita 1.12. Renjifainda ya M6, yenye msingi wa mm 69.25 ukizidishwa na 0.72, inapiga humo ndani bila jasho.

Swali la kweli ni mwanga. Jua kali la Unguja kwa ISO 400 ni f/16 kwa shata ya 1/500 ya sekunde, au f/11 kwa 1/1000. Na 1/1000 ndiyo mwisho wa shata ya M6. Maana yake mchana nje huwezi kabisa kutumia f/2 bila filta ya kupunguza mwanga; hata filamu ya ISO 100 inakufikisha f/5.6 tu. Kivulini kwenye kichochoro utakuwa kwenye f/5.6 kwa 1/250 hivi. Humo ndimo utakamoishi, kati ya f/5.6 na f/11, na kwa tundu hizo lenzi zote nne ni kali kuliko filamu yako.

Kwa hiyo jifunze kupanga umbali mapema. 28mm, f/8, weka mita 3.3: kila kitu kuanzia mita 1.65 hadi infiniti kinakubalika. Ukitaka watu wa karibu, weka mita 2 kwa f/8, unapata mita 1.25 hadi 5. Kivulini kwa f/5.6 kwenye mita 2, ni mita 1.4 hadi 3.5. Ukiwa na 21mm kwa f/8, weka mita 1.9 na umemaliza, kuanzia sentimita 95 hadi mwisho wa upeo. Ukikusudia kuchapa kubwa, sentimita 30 kwa 40, usiamini alama za lenzi moja kwa moja: ukiwa kwenye f/8 soma alama za f/5.6.

Hapa ndipo Elmarit inaponivutia. Ni ndogo, gramu 180, haichungulii sana kwenye kidirisha, na ina ulimi wa kidole chini ya pete ya fokasi. Mkono ukiuzoea, unajua umbali kabla kamera haijafika jichoni. Filta yake ni 39mm. Biogon ni gramu 220, filta 46mm, na pete yake ya tundu inabofya kwa theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake). Hiyo ni nzuri kwa filamu ya slaidi, kwa nyeusi na nyeupe si lazima. Kinga ya jua ya Biogon inauzwa kando, uihesabu kwenye bei. Kwa ukali sioni sababu ya kulipa tofauti ya bei kati ya hizo mbili.

Mita ya mwanga ya M6 nayo inasoma doa jeupe la mm 12 lililo katikati ya pazia la shata. Kwa lenzi pana, doa hilo linakusanya ukanda wa anga ulio juu ya kichochoro na kila kitu kinageuka giza. Elekeza kamera kwenye ukuta ulio kivulini, soma, kisha rudi kwenye picha bila kugusa chochote. Ukuta ukiwa wa chokaa nyeupe, fungua stopu moja zaidi ya mita inavyosema.

taa_ya_kibatari
Sikubaliani kuhusu f/2. Mwenye uzi kasema anapiga ndani pia, na vibaraza vya jioni haviko kwenye hesabu ya saa sita. Chumba chenye taa moja kwa ISO 400 kinataka f/2 kwa 1/30. Kwa f/2.8 unakwenda 1/15, na hapo mkono wako unaweza kutulia lakini mtu unayempiga hatatulia. Color-Skopar ya f/4 inakudai 1/8. Ultron inakupa stopu nzima juu ya Biogon, na bado unaweza kuifunga hadi f/8 mchana. Ubaya wake kwa toleo la filta 46mm ni unene: kona ya chini kulia ya kidirisha inaliwa, zaidi ukiweka kinga ya jua isiyo na matundu.

saa_sita_mchana
Hoja ya mtu anayetembea naikubali. Kama theluthi ya picha zake ni za ndani, Ultron. Ila alisema mara chache, na stopu hiyo moja anaweza kuipata kwa kuisukuma filamu hadi 800, yaani kuiacha muda mrefu zaidi kwenye dawa ya kusafishia.

kihisi
Kuhusu dijitali. Lenzi pana zenye kioo cha nyuma kilicho karibu na filamu hutuma mwanga pembeni kwa mshazari mkali. Filamu haijali sana, inatoa giza la pembeni tu. Kihisi kina kioo mbele yake na vilenzi vidogo juu ya kila nukta, kwa hiyo ule mshazari unazaa rangi ya zambarau au nyekundu ukingoni. Mfano unaojulikana zaidi ni Zeiss C Biogon 21mm f/4.5: mistari yake imenyooka ajabu kwenye filamu, kwenye dijitali ya rangi inaumiza. Color-Skopar 21mm f/4 nayo ina ugonjwa huo, kwa kiasi kidogo. Kwa nyeusi na nyeupe rangi hiyo haikuhusu, giza la pembeni peke yake ndilo linabaki. Kati ya nne zako, Elmarit ndiyo isiyo na usumbufu, kwa kuwa bodi za M zinaitambua kwa alama sita za kwenye shingo yake; hizo nyingine unachagua mwenyewe kwenye menyu lenzi ya Leica inayofanana.

Usiweke matumaini kwenye bodi za Sony kwa adapta. Kioo kilicho mbele ya kihisi chao ni kinene, na lenzi pana za M zinapoteza ukali kwenye kona hata kwa f/8.

helikoidi
Ukienda kuikagua iliyotumika, beba tochi ndogo. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mshazari. Nyuzi nyembamba kama mizizi ni kuvu. Kwa unyevu wa pwani haitabaki ilipo, iache. Vumbi chache hazina madhara. Kisha funga lenzi kwenye M6 yako, elekeza kitu kilicho mbali sana, chombo kilicho upeo wa bahari kinafaa: picha mbili za renjifainda zikutane wakati pete inagonga infiniti, si kabla, si baada. Shika pipa la mbele na ulitikise taratibu. Likicheza, skrubu za ndani zimelegea. Nyumbani iweke kwenye kasha lisilopitisha hewa pamoja na silika, na ukaushe silika hiyo kila inapobadilika rangi. Mifuko ya ngozi ndiyo inayofuga kuvu, usiilaze humo.

ngambo_400
Nimeshapiga hesabu. Elmarit ya 28, pamoja na kidirisha cha nje cha 28 kwa ajili ya miwani. Ile 21 ya skrubu nitaikagua Jumamosi. Muuzaji anasema inakuja na kidirisha chake. Adapta ya 28 na 90 nitaiagiza kwanza, niipime kwa kalipa kabla ya kwenda.

helikoidi
Kidirisha chake ukikipata, kitazame dhidi ya ukuta wenye mistari ya matofali uone kama kioo kimelegea ndani. Na kiatu cha M6 kikiwa kimepanuka, bandika utepe mwembamba chini ya mguu wa kidirisha, vinginevyo kitadondoka ukiinama.